Ziwa lililopewa haki ya kwenda mahakamani

MAZINGIRA YETU
Na Mwandishi Wetu

JE, msomaji, ziwa laweza kumshtaki mtu? Laweza kudai mbele ya hakimu kwamba limechafuliwa na kuomba lirudishiwe hali yake ya zamani?

Swali hili ukiliuliza ndani ya matatu ya jioni utachekwa mpaka mwisho wa safari. Hata hivyo, huko Uhispania si jambo la mzaha tena. Tangu mwaka wa 2022, ziwa moja la maji ya chumvi lililo kando ya Bahari ya Mediterania lina haki zake katika sheria, kama vile kampuni au chama cha ushirika kinavyokuwa na haki zake. Mtu yeyote anaruhusiwa kwenda mahakamani kwa niaba yake.

Ziwa hilo huitwa Mar Menor, maana yake Bahari Ndogo. Halikupewa haki hizo kwa kupendwa tu. Lilipewa baada ya samaki wake kufa mbele ya macho ya watu, mara mbili katika muda wa miaka miwili. Na kilichowaua hakikutoka mbali. Kilitoka mashambani, hotelini na majumbani mwa watu wale wale waliokuwa wakilisifu kwa uzuri wake. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga.

LAGUNI NI NINI?

Tuanze na jiografia kidogo, kwa faida ya wanafunzi wetu. Mar Menor ni ziwa la aina ambayo wataalamu huiita laguni. Laguni ni maji ya bahari yaliyotengwa na bahari yenyewe kwa ukuta wa asili, aghalabu wa mchanga au matumbawe, lakini yakabakishiwa milango myembamba ya kuingilia na kutokea.

Ukuta wa Mar Menor ni ulimi wa mchanga uitwao La Manga, wenye urefu wa karibu kilomita 22. Ukisimama juu yake, mkono wako mmoja una bahari na mwingine una ziwa. Mahali pengine ulimi huo una upana wa kama mita 100 tu.

Ziwa lenyewe lina eneo la kilomita mraba 135 hivi, yaani linakaribiana na Ziwa Naivasha. Kina chake hakizidi mita saba, ambacho ni kimo cha nyumba ya ghorofa mbili.

Sehemu hiyo, iliyo katika jimbo la Murcia kusini mashariki mwa Uhispania, ni kame. Kwa mwaka mzima hupata karibu milimita 300 za mvua, kama Garissa hivi. Jua linapowaka maji hupaa yakiwa mvuke, na chumvi hubaki. Ni kama mchuzi uliosahauliwa jikoni: kadiri maji yanavyopungua ndivyo chumvi inavyokolea.

Kwa sababu hiyo maji ya Mar Menor yalikuwa na chumvi nyingi kuliko bahari iliyo jirani. Zamani lita moja ilikuwa na zaidi ya gramu 50 za chumvi, ilhali lita moja ya Bahari ya Mediterania upande ule ina kama gramu 37.

Viumbe wengi hawawezi kuishi katika chumvi ya namna hiyo. Wale wanaoiweza hupata makao yasiyo na maadui wengi. Mikizi, mikunga na kamba waliwalisha wavuvi wa hapo kwa vizazi vingi. Farasi wa baharini walijificha katika nyasi za chini ya maji. Kuna pia samaki mdogo aitwaye fartet, asiyezidi urefu wa kidole, ambaye duniani kote hupatikana katika pwani ya Uhispania peke yake. Na kwenye mabwawa ya kuvunia chumvi kandokando ya ziwa husimama heroe, ndugu wa wale ndege wa waridi tunaowajua wa Nakuru na Bogoria.

Mnamo mwaka wa 1994 ziwa hili liliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar, unaolinda maeneo ya ardhioevu yenye umuhimu kwa dunia nzima. Kwa bahati mbaya, wakati huo maradhi yalikuwa yamekwisha kuingia mwilini.

HOTELI NA MFEREJI

Mambo yalianza kubadilika miaka ya 1960. Ule ulimi wa mchanga, ambao awali haukuwa na watu, ulianza kujengwa hoteli na nyumba za likizo moja baada ya nyingine. Leo ukiutazama katika picha zilizopigwa na ndege utaona maghorofa yamepangana kama meno.

Wageni wenye pesa walikuja na mashua zao, na mashua zilihitaji njia. Basi mwanzoni mwa miaka ya 1970 mlango mmoja wa asili, uitwao Estacio, ulichimbwa na kupanuliwa. Maji ya bahari yakaingia kwa wingi kuliko zamani. Chumvi ikashuka hadi kati ya gramu 42 na 47 kwa lita, na viumbe wa bahari ambao hapo awali hawakuthubutu kuingia wakapata upenyo.

Mmoja wao alikuwa chaza mkubwa mwenye umbo la feni, ambaye hujichomeka mchangani kwa ncha na kuchuja maji mchana na usiku. Mwingine alikuwa yavuyavu, ambaye tutamrudia baadaye kidogo.

MAJI YALIYOTOKA KILOMITA 300

Badiliko la pili lilikuja mwaka wa 1979, nalo halikupitia baharini bali nchi kavu.

Bonde lililo nyuma ya ziwa huitwa Campo de Cartagena. Kwa sababu ya ukame, wakulima wake walikuwa wakitegemea mazao yanayovumilia kiu, kama vile lozi, zeituni na nafaka. Serikali ikajenga mfereji mkubwa wa karibu kilomita 300, unaochota maji katika Mto Tajo katikati ya nchi na kuyaleta huku kusini mashariki.

Bonde likageuka kijani. Leo hii saladi, brokoli na matikiti yanayolimwa hapo huuzwa katika masoko makubwa ya Ulaya. Maelfu ya watu walipata kazi, wakiwemo wahamiaji wengi kutoka Moroko. Ni nani angelaumu maendeleo kama hayo?

Lakini kila zao lilitaka mbolea, na mbolea haimalizwi yote na mimea. Inayobaki huyeyuka na kuzama ardhini pamoja na maji ya kunyunyizia. Maji ya chini ya ardhi yakajaa naitreti, na maji hayo hayana pengine pa kuelekea ila ziwani.

Isitoshe, wakulima wengine walichimba visima. Maji yake yakiwa na chumvi, wakanunua mitambo ya kuiondoa. Masalio ya mitambo hiyo, yenye chumvi na naitreti tele, yakamwagwa mitaroni. Ongeza hapo kinyesi cha mifugo ya nguruwe, na maji machafu ya miji iliyokua haraka kuliko mabomba yake. Upande wa kusini, mvua kubwa ilikuwa ikileta pia madini kama risasi na zinki kutoka milima iliyochimbwa migodi tangu enzi za Warumi.

Bandu bandu huisha gogo.

MGENI ALIYEFICHA MARADHI

Hapa ndipo tunapomrudia yavuyavu. Katika miaka ya 1990 wanyama hawa laini waliongezeka ziwani kwa mamilioni. Watalii walilalamika. Nyavu zikawekwa kuwazuia wasiwafikie waogeleaji, na wengine wengi wakavuliwa na kutupwa.

Watu waliwaona yavuyavu kuwa ndio tatizo. Kumbe walikuwa wakifanya kazi ya bure. Mbolea iliyoingia ziwani ilikuwa ikikuza vimelea vya kijani visivyoonekana kwa macho, na yavuyavu wakivila. Kwa miaka mingi, kwa hivyo, maji yalibaki maangavu. Mgeni aliyefika kwa likizo angeweza kuona vidole vya miguu yake akiwa amesimama ndani ya maji ya kifuani.

Wanasayansi walionya kwamba uzuri huo ulikuwa wa juu juu. Lakini nani amsikilize daktari wakati mgonjwa anacheka? Mficha maradhi, kifo humuumbua.

SUPU YA KIJANI

Kifo kilimuumbua mwaka wa 2016. Majira ya kuchipua ya mwaka huo, maji yaligeuka rangi na kuwa mazito kama mchuzi wa ndengu. Wahispania wakaiita hali hiyo supu ya kijani.

Msomaji wa Kisumu, ambaye amelijua gugumaji kwa muda mrefu, hahitaji kuelezwa sana jambo hili. Virutubisho vikizidi majini, mimea hushamiri. Tofauti ni kwamba gugumaji huelea na kuonekana, ilhali huku mmea wenyewe ni mdogo kuliko punje ya unga, nao hujaa ndani ya maji yote.

Jua likashindwa kupenya. Katika muda wa miezi michache, asilimia 85 ya mimea iliyokuwa sakafuni mwa ziwa ikafa kwa kukosa mwanga. Wale chaza wakubwa nao wakafa karibu wote. Hilo lilikuwa pigo la aina ya pekee, kwani mwaka huo huo ugonjwa ulianza kuwafyeka chaza wa jamii hiyo katika Bahari ya Mediterania nzima. Wachache waliosalia Mar Menor sasa ni miongoni mwa mbegu za mwisho za jamii yao.

Mwaka wa 2019 ukaleta msiba ulio wazi zaidi. Mwezi wa Septemba mvua ya gharika ilinyesha, ikakokota udongo na mbolea hadi ziwani. Maji hayo ya mvua, kwa kuwa hayana chumvi, ni mepesi. Yalitanda juu ya maji mazito ya chumvi kama mafuta yanavyotanda juu ya supu. Hewa ikashindwa kushuka chini. Huko chini bakteria waliokuwa wakiozesha mimea iliyokufa wakaimaliza oksijeni yote iliyokuwako.

Tarehe 12 Oktoba, upepo ulisukuma maji hayo yasiyo na hewa hadi ufuoni, upande wa kaskazini. Samaki, mikunga, kaa na kamba walikimbilia ukingoni kabisa, wengine wakiruka nje ya maji kutafuta pumzi. Karibu tani tatu za viumbe zilikufa hapo, watoto na wazee wakitazama.

Mnamo Agosti 2021 mambo yakawa yale yale, na safari hii viumbe waliokusanywa walipita tani nne.

WANANCHI WANASHIKANA MIKONO

Mwishoni mwa Agosti hiyo watu walijipanga kandokando ya ziwa wakashikana mikono, kama familia inavyofanya matangani. Waliokadiria idadi yao walisema walikuwa kama 70,000.

Lakini kilio peke yake hakijengi nyumba. Profesa Teresa Vicente, anayefundisha falsafa ya sheria katika Chuo Kikuu cha Murcia, alikuwa na hoja yake. Alisema sheria za kulilinda ziwa zilikuwako siku zote, tena nyingi. Kilichokosekana ni mwenye kudai. Ziwa lilihesabiwa kuwa kitu, na kitu hakina haki. Je, kama lingehesabiwa kuwa nafsi?

Nchini Uhispania, wananchi wakikusanya sahihi 500,000 wanaweza kupeleka mswada bungeni wao wenyewe. Wanaharakati wakaingia barabarani, sokoni na ufuoni, tena wakati wa janga la Covid-19 ambapo watu waliogopa hata kushika kalamu ya mwenzao. Wakapata sahihi zaidi ya 639,000.

Tarehe 21 Septemba 2022, Seneti ilipitisha sheria hiyo. Mar Menor ikawa mahali pa kwanza pa asili katika Ulaya nzima kupewa nafsi ya kisheria. Huko New Zealand, Mto Whanganui ulikuwa umepewa hadhi ya namna hiyo mwaka wa 2017. Mwaka wa 2024 Profesa Vicente alitunukiwa Tuzo ya Goldman, ambayo Wakenya tunaijua kwa sababu marehemu Profesa Wangari Maathai aliipokea mwaka wa 1991.

Sheria inasema ziwa lina haki ya kuwako, kulindwa, kutunzwa na kurudishiwa uhai wake. Inaunda pia kamati za wawakilishi wa serikali, wakazi na wanasayansi wa kulisemea. Chama cha kisiasa cha Vox kiliipinga mahakamani. Mnamo Novemba 2024, Mahakama ya Katiba ya Uhispania iliikataa rufaa hiyo na sheria ikabaki.

JE, MAJI YAMETAKATA?

Msomaji asije akadhani kwamba karatasi ya bunge ni dawa ya kuua vijidudu. Naitreti iliyozama ardhini kwa zaidi ya miaka 40 haikujua kwamba sheria imepita. Bado inatiririka polepole kuelekea ziwani, na itaendelea kwa miaka mingi hata kama mbolea ingekoma leo.

Kwa hivyo kazi ngumu ni ile isiyopigwa picha. Mkoa wa Murcia ulipitisha sheria yake mwaka wa 2020 ya kudhibiti mbolea karibu na ziwa. Serikali kuu nayo ilitenga zaidi ya euro milioni 480 kwa mpango wa kufunga mashamba yanayonyunyiziwa maji bila kibali, kupanda ukanda wa miti na majani wa kuchuja maji, na kusafisha maeneo ya migodi ya zamani.

Wakulima nao wana neno lao. Wanauliza: kwani sisi peke yetu ndio tuliochafua? Hoteli je? Miji je? Na mama wa Ujerumani anayetaka saladi mbichi katikati ya baridi, tena kwa bei nafuu, yeye hana sehemu yake? Maswali hayo ni ya haki. Familia inayoishi kwa shamba haiwezi kuambiwa iache kulima kesho asubuhi bila kuonyeshwa itakula nini.

Hata hivyo, wavuvi pia ni familia. Wao hawakuulizwa lolote mbolea ilipoanza kuingia.

SISI HUKU KWETU

Tutatoka na nini katika habari hii ya mbali?

Pwani yetu ina maji yaliyojificha nyuma ya nchi kama vile Mar Menor. Hori la Mida pale Watamu na hori la Tudor pale Mombasa ni mifano miwili. Maji kujaa na kupwa huyasafisha mara mbili kwa siku, bahati ambayo Mar Menor haina, kwani Bahari ya Mediterania karibu haina kupwa na kujaa. Lakini bahati hiyo si leseni ya kutupa kila kitu. Maji machafu ya nyumbani yanaingia Tudor tangu zamani, na kila mwenyeji wa Mombasa analijua hilo kwa pua yake.

Na sisi tuna sheria. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Kifungu cha 70 kinamruhusu aende mahakamani haki hiyo ikivunjwa, wala halazimiki kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyepata hasara au aliyeumia. Tofauti ni kwamba kwetu haki ni ya mtu, na kule Uhispania haki ni ya ziwa lenyewe. Lakini pote pawili, mwenye kwenda kubisha mlango wa mahakama ni raia wa kawaida.

Kwa familia, jambo la kwanza ni kujua maji yako yanaelekea wapi. Choo cha nyumba yako kinamwaga wapi? Mtaro ulio mbele ya ploti unaishia mto gani? Wengi wetu tumeishi mtaani miaka kumi bila kuuliza.

Kwa wanafunzi, hapa pana jaribio dogo la likizo. Chukua chupa mbili safi zinazoonyesha ndani. Zijaze maji ya kidimbwi au ya mto, sawasawa. Katika chupa moja tia punje mbili au tatu za mbolea ya DAP. Nyingine iache hivyo hivyo. Ziweke dirishani penye mwanga bila kuziba sana, na uandike unachokiona kila siku. Baada ya wiki moja au mbili, aghalabu chupa yenye mbolea itakuwa ya kijani zaidi. Usiyaonje maji hayo, na unawe mikono kwa sabuni kila unapozigusa.

Hicho unachokiona dirishani ndicho kilichotokea Mar Menor, ila kule hakuna aliyekuwa akiandika kila siku, na wachache waliokuwa wakiandika hawakusikilizwa.

Mzazi, mwanao akikuuliza punje tatu zinawezaje kubadili chupa nzima, usimfukuze. Keti naye mhesabu pamoja ni magunia mangapi humwagwa kila msimu kandokando ya mto ulio karibu nanyi.

Jumapili ijayo, Mungu akipenda, tutaizungumzia mikoko: miti inayosimama ndani ya maji ya chumvi bila kufa, na kazi inayoifanya usiku na mchana bila malipo.